Diski Iliyokaushwa Kando ya Mafiga

Huwa naanza kwa kuinusa kompyuta kabla ya kuifungua. Watu wa sokoni pale Mbulu wananicheka kwa hilo; mmoja alisema mbele yangu kwamba yule mama fundi anapokea kompyuta kama mtu anayenunua samaki. Acha wacheke. Nilifanya kazi miaka mingi katika maabara ya shule ya sekondari kabla sijafungua chumba changu cha ufundi nyuma ya soko, na pua imeniokoa mara nyingi kuliko macho. Betri iliyoharibika ina harufu tamu, kama ya rangi ya kucha iliyoachwa wazi. Ukiisikia, huwashi kitu, huchaji kitu, na humruhusu mwenye mali akuonyeshe jinsi ilivyogoma.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya Julai, ukungu umekaa chini mpaka kwenye mabati, na watu wanapita dirishani wamejifunga mablanketi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliingia na kompyuta mpakato aliyoivingirisha ndani ya shuka. Ile harufu niliisikia kabla hajanisalimu. Nyuma yake kulikuwa na harufu nyingine mbili ambazo sikuzitegemea: maziwa yaliyochacha na moshi wa kuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiiweke mezani. Iweke sakafuni, taratibu, halafu sogea."

Alifanya kama nilivyosema. Nilipofunua shuka niliona kifuniko cha chini kimetuna katikati, kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa, na skrubu mbili zimeanza kujitoa zenyewe. Nikamuuliza ilikuwaje. Alisema ni mwalimu wa shule ya msingi, anatoka bondeni upande wa Hanang, kwenye familia ya wafugaji. Wiki iliyotangulia kibuyu cha maziwa kilianguka juu ya kompyuta. Yeye aliizima akaenda shuleni akilia. Mama yake, aliyemwona analia, aliamua kumsaidia. Akaiegemeza kando ya mafiga, pale anapokaushia vibuyu, akaifunika kwa ngozi, akawa anaigeuza upande huu na upande ule kwa siku mbili.

"Mama anajua kukausha vibuyu," alisema. "Hajawahi kupasua hata kimoja."

Nilifungua mdomo nifoke, maana kufoka nakujua kuliko kutia moyo, halafu nikaufunga. Alikuwa anamtetea mama yake kabla sijamlaumu. Na kwa kweli yule mama alifanya kazi nzuri kwa kitu alichokifahamu. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya hiki kuna mfuko wa kemikali usiotaka joto.

"Kompyuta hii hutaiwasha tena," nikamwambia. "Nunua nyingine Mungu akijalia."

"Kompyuta siitaki, mama. Nataka kilichomo."

Kilichomo kilikuwa picha za kaburi la babu yake. Alinieleza akiwa amesimama, mikono ameikunja kifuani. Babu alikuwa mzee mkubwa, na kwa watu wake mzee wa namna hiyo hafukiwi tu akaachwa. Hujengewa kaburi la udongo linalopandishwa kwa miezi, ndugu na majirani wakikusanyika, mpaka linakuwa refu kuliko mtu. Yeye alipiga picha kwa simu siku zile zote za ujenzi, akazihamishia kwenye kompyuta, na simu baadaye ikaibwa mnadani. Msimu wa kupanda wa mwaka jana, mtu aliyekuwa amepewa sehemu ya kulima jirani na pale alipitisha trekta juu ya kaburi. Sasa ni ngano tupu. Mtu huyo ameliambia baraza la ardhi kwamba hakukuwa na kaburi mahali pale, kulikuwa na kichuguu.

"Wazee wetu wameeleza, lakini wanaambiwa ni wazee wa upande wetu," alisema. "Shauri ni kesho saa nane mchana. Tukienda mikono mitupu linafungwa, na lile shamba ni lake."

"Na baba yako anasemaje?"

"Baba hachungi tena upande ule. Anasema hajui akanyage wapi asije akamkanyaga babu."

Nilimuuliza mlimaji huyo ni mtu wa wapi, nikijua jibu nisingelipenda.

"Wa huku kwenu juu. Kijiji cha Daudi."

Mimi ni wa Daudi. Mdogo wangu, wa kiume, wa tumbo moja na mimi, analima ngano bonde lile. Krismasi iliyopita tulikuwa nyumbani kwa mama sote, tukila, na nilimuuliza kwa sababu maneno yalikuwa yamenifikia. Alicheka. Akasema wafugaji wanataka kumnyang'anya shamba baada ya kuona amelitolea jasho, na kwamba alichosawazisha ni kichuguu, basi, tena kichuguu chenyewe kilikuwa na nyoka. Mama alimwombea. Mimi nilimwamini, na si kumwamini tu: nilikwenda nikayarudia maneno hayo kanisani na sokoni, kwa sauti yangu hii, mpaka watu wengine wakayajua kupitia kwangu.

Ningeweza kunyamaza. Nilisimama pale nikaihesabu njia ya kunyamaza kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo. Halafu nikasema, kwa ukali ambao haukumstahili yeye, "Mwalimu, mtu huyo ni mdogo wangu. Chukua kompyuta yako kama unataka."

Hakuonekana kushtuka sana. Alitazama nje kwenye ukungu, akatazama ile kompyuta iliyotuna pale sakafuni.

"Katesh wameikataa. Babati ni mbali na sijui mtu," alisema. "Utaifungua?"

"Kazi yangu ni kufungua."

"Basi nitakaa hapa niangalie."

Akavuta kigoda, akakaa hatua mbili kutoka mezani, akayakaza macho kwenye mikono yangu. Nimefanya kazi nikiangaliwa na wateja wa kila aina, wanaoogopa kuibiwa na wanaotaka kujifunza bure. Sikuwahi kuangaliwa namna ile. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nikavua sweta. Hili nalo huwashangaza watu, kwa baridi yetu, lakini sufu hubeba umeme mdogo mdogo ambao mwili hauusikii na diski huusikia. Kwa hiyo mimi hufanya kazi na blauzi ya pamba, nikitetemeka, na kila dakika chache hushika nondo za dirisha ili umeme huo ushuke ardhini. Ili nisigande, huweka jiko la mkaa chini ya meza, miguuni. Wateja wanaoweka kompyuta karibu na moto huwa nawasema mpaka wanainamisha kichwa, na mimi mwenyewe siku zote nimekuwa na jiko chini ya meza. Asubuhi ile halikunijia akilini kabisa.

Nilikuwa nimeshika bisibisi simu ilipolia. Alikuwa mdogo wangu. Nikapokea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Nimesikia yule mwalimu wa bondeni yuko kwako."

Mbulu habari hufika kabla ya gari. Mtu wa Daudi alikuwa naye kwenye basi, akaona shuka, akauliza, akapiga simu. Nikasema ndiyo, yuko kwangu.

"Kile chombo kimeungua, nimesikia. Vitu vile vikiungua havifunguki. Kisipofunguka si kosa lako, dada. Hakuna atakayekulaumu."

"Niko kazini," nikasema, nikakata.

Mwalimu hakuuliza ni nani. Alikuwa amesikia upande wangu tu, na ulimtosha.

Nikaanza. Skrubu kumi za chini nilizitoa moja moja, nikazipanga juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyokaa, kwa sababu skrubu ndefu ikirudi kwenye tundu la fupi inatoboa kilicho chini yake. Alizihesabu kwa midomo. Kifuniko nilikichokoa kwa kadi ya plastiki, kamwe si kwa chuma, kikaachia kwa mlio, na harufu ya maziwa ikajaa chumbani. Ndani mlikuwa na ukoko wa njano kila mahali. Betri, iliyopaswa kuwa bapa kama kitabu cha sala, ilikuwa imefura kama mandazi matatu yaliyoshikana, na imeegemea kishikio cha diski kiasi kwamba diski haikuweza kutoka.

Kitu cha kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye bodi. Kila fundi anajua, na kila fundi aliyeunguza kitu aliruka hatua hiyo. Niliuchomoa kwa kucha, polepole, ukatoka. Nikashusha pumzi. Kilichobaki kilikuwa kuitoa betri yenyewe ili diski ipate nafasi, na ilikuwa imegandishwa chini kwa gundi kali.

Betri iliyovimba huibandui kwa nguvu. Unadondosha spiriti kwenye ukingo, unasubiri gundi ilainike, unapitisha kadi chini yake kidogo kidogo, na huikunji wala huitoboi. Ukiitoboa inawaka, na moto wake haujali maji. Ndiyo sababu nina ndoo ya mchanga mlangoni. Nilimwonyesha mwalimu ile ndoo, nikamwambia nikisema toka, atoke bila kuchukua chochote.

"Bila diski?"

"Bila chochote."

Nilijua asingetoka.

Nikapitisha kadi. Mfuko wa kwanza ukaachia. Wa pili ukaachia nusu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi na mgongo ulikuwa unatoa jasho, vyote kwa wakati mmoja. Kichwani sauti ya mdogo wangu ilikuwa inaendelea kusema si kosa lako, hakuna atakayekulaumu, kwa upole ule ule aliokuwa nao akiwa mdogo, alipokuwa amevunja kitu na anataka niseme nimevunja mimi. Nilimbeba mgongoni yule. Nilikuwa na miaka minane yeye alipozaliwa, na mama alirudi shambani mapema. Alijifunza kutembea akiwa ameshika sketi yangu ya shule. Sipendi mtu duniani kama ninavyompenda, na nililisema hilo moyoni kwa hasira huku nikisukuma kadi.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Ni yeye tena. Mkono wangu ukaruka.

Kadi ilizama mahali ambapo haikupaswa kuzama. Kulikuwa na mlio mdogo, tsss, halafu moshi mweupe mwembamba ukachomoza pembeni mwa mfuko wa tatu. Mpaka leo sijui kama mkono ule uliteleza kwa sababu ya simu au kwa sababu ulikuwa unatafuta kuteleza. Nimejiuliza nikiwa nimelala, nikiwa napika, nikiwa nimepiga magoti kanisani. Jibu halijaja, na nimeacha kulisubiri.

"Toka," nikasema.

Hakutoka. Aliinuka, akapiga magoti chini ya meza yangu, na nikadhani amechanganyikiwa, mpaka nilipomwona anavuta jiko la mkaa kwa mkono aliouzungushia shuka na kulisukuma mpaka ukutani. Makaa yalikuwa mekundu, nusu mita chini ya betri inayotoa moshi. Mimi, mama wa maabara, mama wa ndoo ya mchanga, nilikuwa nimelisahau. Mtu aliyelelewa kando ya mafiga hakulisahau.

Nilivuta betri kwa mara ya mwisho, ikaachia, nikaibana kwa koleo la mbao na kutoka nayo nje nikikimbia. Niliitupa kwenye vumbi nyuma ya choo. Ilikaa kidogo kama inafikiri, halafu ikawaka kwa mwali mrefu wenye sauti, na wamama wa viazi wakaacha vichanja vyao wakaja kuangalia. Nikamimina mchanga juu yake. Ukafuka moshi, nikamimina tena.

Niliporudi ndani nilimkuta amesimama juu ya kompyuta iliyo wazi, hajaigusa. Aliniangalia usoni, na swali lake lilikuwa wazi hata bila kusemwa. Ningemwapia kwamba niliteleza. Lakini kiapo changu kingekuwa na thamani gani kwake, na kwangu mwenyewe pia?

"Diski haijaguswa na moto," nikasema. "Njoo uione mwenyewe."

Akaja karibu. Tangu hapo nilifanya kila kitu huku nikimweleza, jambo ambalo si desturi yangu. Nikamwonyesha skrubu nne za kishikio. Nikamwonyesha jinsi ya kuivuta diski nyuma, sambamba, bila kuinyanyua, ili meno yake yasipinde. Ilitoka. Meno yalikuwa na utando wa maziwa makavu. Nikaloweka mswaki laini kwenye spiriti, nikasugua, nikafuta, nikasugua tena, halafu tukakaa tukisubiri ikauke yenyewe kwa hewa. Alitaka kuisogeza kwenye jua lililoanza kupenya dirishani. Nikamzuia mkono, na kwa mara ya kwanza tangu afike tukatabasamu wote wawili, kidogo, bila kupenda.

Tulisubiri saa nzima. Simu ilitetemeka mara tatu. Niliigeuza kifudifudi.

Kisha nikaiweka diski ndani ya kasha lenye waya, nikachomeka kwenye kompyuta yangu. Kimya. Nikaichomoa, nikashika nondo za dirisha, nikachomeka upya. Tukasikia inazunguka, inakwama, inazunguka. Kwenye kioo hakukuwa na kitu. Mwalimu alikuwa ameushika ukingo wa meza, na niliona kucha zake zimekuwa nyeupe. Nilijikuta nasali, na nilipojisikiliza nikagundua sijui naomba lipi. Naomba ifunguke. Naomba isifunguke. Niliona aibu mbele ya Mungu na mbele ya yule mwanamke.

Ikafunguka. Majina ya mafaili yakaanza kushuka moja moja, kwa uzito, na kulikuwa na folda moja iliyoandikwa Babu.

Sikuifungua. Diski mgonjwa huitazami kwanza, unainakili kwanza, kwa sababu inaweza kufa wakati unashangaa picha. Nilinakili folda yote kwenye kompyuta yangu, halafu kwenye flashi mbili, moja nikampa mkononi hapo hapo. Aliifunga kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Picha zilikuwa mia na kitu.

"Lazima nijaribu kama zinafunguka," nikamwambia.

"Nipishe nikuchagulie," akasema.

Alishusha orodha kwa kidole, akapita picha nyingi bila kuzigusa, akasimama kwenye moja. Ikajaa kioo. Kaburi lilikuwa pale, refu, jeusi kwa unyevu, limezungukwa na miti iliyosimikwa, na nyuma yake mlima Hanang. Hakuna kichuguu duniani chenye umbo lile. Wanaume wanane hivi walikuwa wanakandika udongo. Mmoja kati yao hakuvaa kama wenzake. Alivaa koti la mvua na kofia ya sufu, suruali ameikunja mpaka magotini, ameinama na uso umegeukia kaburini, mikono yote miwili imejaa tope analolibandika. Pembeni yake mzee mmoja anamwelekeza mahali pa kuweka.

"Huyo mzee ni baba," alisema mwalimu. "Alimwita huyu wa koti aje aweke udongo na sisi, kwa sababu babu ndiye aliyempa mahali pa kulima."

Uso hauonekani. Mtu mwingine yeyote angesema ni mtu fulani tu, amevaa kofia. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa juu, umetandazwa kwenye tope, na kidole gumba kimeishia kabla ya ukucha. Mundu ulikikata mdogo wangu akiwa na miaka sita, tukikata majani ya ndama kule Daudi. Nilikifunga kwa kipande cha gauni langu na kukimbia naye mpaka zahanati, damu ikinitiririka mgongoni.

Nilikaa chini. Mwalimu alikuwa anasema jambo na sikumsikia mpaka aliporudia.

"Nilijua ipo. Uliponiambia ni mdogo wako niliogopa kukuambia ninachotafuta. Nilidhani hutafungua."

"Ungekuwa na haki ya kuogopa," nikasema.

Nilikuwa na hasira, na haikuwa kwake. Si kulima kulikonichoma zaidi. Ardhi huwatia watu wazimu na mimi sina shamba la kunijaribu. Kilichonichoma ni kwamba alikula nyama mezani kwa mama, akacheka, akanipa uongo ule niubebe, na mimi nikaubeba mpaka kanisani. Alilijua kaburi lile kwa viganja vyake.

Tulichapisha picha sita kwa mtu wa steshenari, jirani yangu. Mwalimu aliangalia ile ya koti la mvua ikitoka, akasema kwa sauti ndogo kwamba mdogo wangu ameshakana kuhudhuria mazishi yale, kwa hiyo atasema si yeye. Kisha akaniangalia, akaangalia chini. Hakuniomba. Kwa watu wake kama kwa wetu, yapo mambo ambayo mdogo hamwombi mkubwa.

Basi lake lilikuwa la saa tisa. Kabla hajapanda nilimwambia tutaonana kesho, na aliitikia kwa kichwa tu.

Jioni ile mdogo wangu alipiga tena nikapokea. Alinisalimu, nikaitikia.

"Kimefunguka?"

"Kimefunguka."

Nilisikia anapumua. Nyuma yake watoto wake walikuwa wanagombania kitu, na mkewe anawanyamazisha.

"Dada, hawa watoto wanakula kwa lile shamba."

"Ninajua."

"Sasa utafanyaje?"

"Kwa nini uliniambia ni kichuguu?"

"Kwa sababu wewe ungeniamini," alisema, "na watu wanakuamini wewe."

Sikulala vizuri, na asubuhi nikapanda gari.

Baraza lilikaa kwenye darasa la shule, madawati yamesukumwa ukutani. Wafugaji walikaa upande wa madirisha, na baba yake mwalimu alikuwa ameketi mbele, fimbo katikati ya magoti, anatazama sakafu. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili na jamaa watatu wa Daudi. Aliponiona naingia alisimama kwa heshima kama tulivyofundishwa, halafu akaona nimekaa wapi, akakaa taratibu.

Picha zilipita mkono kwa mkono. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, alimwonyesha ile ya koti la mvua na kumuuliza kama anamfahamu mtu yule. Alijibu kwamba hawezi kujua, uso hauonekani, na kofia kama ile kila mtu anayo. Jamaa zake waliguna kukubali.

Ndipo mwenyekiti alipouliza ni nani aliyezitoa picha hizi kwenye kompyuta, na kama kuna chochote kilichobadilishwa. Nikasimama. Nikaeleza jinsi diski ilivyotoka, jinsi nilivyoisafisha, kwamba mwenye mali alikuwa ananiangalia tangu skrubu ya kwanza. Sauti yangu ilikuwa kavu, ya kazini, na nilitamani anishukuru aniambie nikae.

"Na wewe, mama fundi," akasema, "mtu huyu unamfahamu?"

Baba yake mwalimu aliinua macho kutoka sakafuni.

"Namfahamu," nikasema. "Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ninamjua kwa kidole gumba."

Watu wote mle ndani waligeuka kumtazama. Aliuchukua mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya goti, akauingiza polepole kwenye mfuko wa koti, na mimi nikaendelea kusema.